Bunduki ya Mashoto

Kiharusi kilimpiga Denzil Fugate mwezi wa Machi, akiwa bandani anamtukana fahali. Kilimchukua upande wote wa kulia: mkono, mguu, nusu ya mdomo, na maneno karibu yote. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, alibaki na maneno machache tu ya kutafuna, na moja lililotoka wazi kabisa lilikuwa jina la mkewe, Arvella, tena kwa kipande chake cha mwisho: "Vela."

Msimu wa kuwinda kindi ulipokaribia alianza kunyoosha kidole kwenye ukuta wa sebuleni, zilikotundikwa bunduki zake. Kisha anagusa bega la kushoto. Kisha anapiga meza.

"Anataka kuwinda," alisema Twila, binti yao, aliyekuwa amekuja kutoka mjini kuwatazama. "Mama, daktari alisema tumpe kitu cha kumtia moyo. Lakini hizi za kukoki kwa mkono hataziweza kwa mkono mmoja. Mtafutie ile ndogo ya risasi za ishirini na mbili, inayojipakia yenyewe. Na iwe ya mashoto."

"Nitaitafuta," Arvella alisema, huku akiosha vyombo.

"Wewe ndiye unajua hayo mambo. Si nawe ni mashoto?"

Arvella alisuuza sufuria. Ndiyo, alikuwa mashoto, na katika lile bonde la Kentucky hakuna aliyelijua jambo hilo kuliko Denzil. Baba yake Arvella alimlea msituni na bunduki ya zamani ya risasi moja, inayokunjwa katikati ili kupakiwa, isiyojali bega gani linaishika. Alikuja nayo kwenye ndoa. Mwaka haukuisha, Denzil akaibadilisha kwa msumeno wa mashine bila hata kumwambia.

Kisha ikaja siku ya nyama choma kwa kaka zake Denzil. Walikuwa wakilenga makopo. Denzil akamkabidhi mkewe bunduki yake inayojipakia yenyewe, uso mkavu kama ubao. "Haya, tuonyeshe baba yako alikufundisha nini." Arvella akaiweka bega la kushoto, akapiga. Bunduki ile ilitupia maganda yake ya risasi kulia, kama zote zinavyofanya, na kwa mtu wa kushoto kulia ni mbele ya pua yake. Moshi ulimwingia machoni. Ganda la pili liligonga nguzo, likarudi, likamtumbukia kwenye shingo ya blauzi, likiwa la moto kama kaa. Alirukaruka huku akijipigapiga kifua mbele ya wanaume saba na wake zao.

Walicheka hadi wakakaa chini. Na Denzil, aliyechagua mahali pa kumsimamisha, alicheka kuliko wote. "Bunduki hutengenezewa watu, mama! Watu!" Tangu hapo, miaka thelathini na kitu, hakuna sherehe ya ukoo iliyopita bila mmoja wao kupaza sauti: "Shemeji Arvella, hebu tuchezee ile ngoma yako!" Naye Denzil alikuwa akimsukuma katikati ya ukumbi. Denzil alishazika kaka wawili. Kwenye mazishi ya wa pili, yule wa tatu alimwomba Arvella ngoma.

Burl Napier, mwenye duka la bunduki, alisali kanisa moja na Arvella. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Dada Arvella! Ndugu Denzil anaendeleaje?"

"Anataka bunduki. Atapigia kushoto."

"Masikini. Basi nina dawa yake." Akaenda nyuma, akarudi na bunduki mbili, akazilaza juu ya kitambaa. "Hii ni ya kawaida. Kwa bega la kushoto itamsumbua. Tazama, tundu la kutolea maganda liko huku, yatampita usoni. Mpini wa kuvuta ili kupakia uko upande wa mkono uliokufa. Na hiki kitufe cha usalama, kidole chake hakikifikii, itambidi aachie mshiko kwanza. Hii nyingine ndiyo ya mashoto wenyewe. Kila kitu kimegeuzwa. Maganda yanaruka kushoto, mbali na uso. Ishike, dada. Haina risasi."

Arvella aliiinua. Kitako kililala begani kama kichwa cha mtoto aliyeshiba. Shavu lilishuka pahala pake lenyewe. Kidole kilikikuta kitufe bila kukitafuta. Alilenga saa ya ukutani na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Alikuwa na miaka sitini na moja, na hakuna kifaa duniani, si mkasi, si kifungua kopo, si kalamu ya shule, kilichowahi kumpokea namna ile.

"Inakufaa wewe kuliko Denzil!" Burl alicheka.

"Ndiyo."

"Basi nikufungie hii?"

"Nifungie zote mbili," Arvella alisema.

Burl alimtazama, akidhani ameelewa. "Ah! Mtawinda pamoja. Mungu awabariki."

Jumamosi ya kwanza ya msimu, Arvella alimvalisha mumewe, akamnywesha kahawa, akamsukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi barazani. Mbele yao miti ya hikori ilikuwa imejaa kindi, wanaangusha maganda ya kokwa kama mvua. Alimwekea mfuko wa mchanga kwenye ukingo wa baraza ili aegemeze mtutu. Halafu alichagua mahali pa kuegesha kiti: karibu kabisa na ukuta wa magogo, ukuta ukiwa upande wa kulia. Akamfungua kifungo cha juu cha shati.

"Joto leo," alimwambia.

Denzil aliiona bunduki. Nusu ya uso wake iliyo hai ikang'aa. Aliipapasa, akalitafuta tundu la maganda, akalikuta kulia. Akainua macho kwa mkewe.

"Si... si hii."

"Ndiyo hiyohiyo, Denzil. Waliyo nayo dukani."

Kisha Arvella akaketi kwenye kiti chake cha kubembea, upande wa pili, akaitoa ile nyingine ndani ya mfuko wake.

Denzil hakuwa mjinga, na kiharusi hakikumgusa akili. Aliitazama bunduki ya mkewe, akatazama tundu lake lilivyo kushoto, na akaelewa kila kitu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Arvella alimwona akielewa. Wangeweza kuishia hapo. Lakini kindi mmoja mnene alishuka mpaka kwenye tawi la chini, na Denzil alikuwa mwindaji kabla hajawa kitu kingine chochote. Akahangaika na kitufe, akaachia, akashika upya, akapiga.

Ganda lilitoka, likagonga ukuta, likamrudia shavuni. Alifumba macho kwa moshi. Alikosa.

Arvella alimlenga yuleyule kindi akiwa anakimbia, akamwangusha.

"Jaribu tena," alisema.

Wiki tatu mambo yalikwenda hivyo. Kila asubuhi alimjazia risasi kwenye magazini ya bunduki, maana yeye asingeweza. Kila asubuhi Denzil angeweza kukataa, naye hakukataa. Kukataa kungekuwa kulikubali lile jambo, nalo ni jambo ambalo mwanamume wa ukoo wa Fugate hakubali: kwamba mkewe anamtesa na anaweza. Shingo yake ikajaa alama nyekundu za moto, ndogondogo, kama nyayo za ndege. Jioni Arvella alimpaka mafuta alama zile, taratibu, kwa vidole vyepesi, kisha akampakulia kindi wa kukaanga na mchuzi mzito wa unga na vijimikate vya magadi. Denzil alikula. Wa kwake hakuwahi kumpata hata mmoja.

Siku moja, akiwa amekwisha kumpaka, Arvella alimsogelea sikioni. "Hujacheza bado," alisema. "Mimi nilicheza."

Alicheza Jumanne. Ganda liligonga gogo, likamwingia shingoni na kushuka mgongoni, mahali ambapo mkono wake mmoja haukufika. Alijipinda, akapiga kelele isiyokuwa neno, akainuka kwa mguu mmoja kama mtu aliyesahau kwamba ana mmoja tu. Akaanguka ubavu wa kulia kwenye mbao za baraza. Mfupa ulitoa sauti ya kijiti kikavu.

"Vela!"

Arvella alikuwa na kindi kwenye shabaha. Alimaliza. Alivuta pumzi, akaiachia nusu, akapiga, akamwona kindi akianguka tawi kwa tawi hadi chini. Akaweka kitufe cha usalama, akailaza bunduki kitini. Ndipo akaingia ndani kupiga simu.

Hospitalini Twila aliikuta nyonga ya baba yake imevunjika, akaikuta na shingo imejaa alama za moto. Aliitazama shingo ile muda mrefu. Alikuwa binti wa wawindaji, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Mama. Ulimnunulia ipi?"

"Ya kawaida."

"Na ile ya mashoto?"

"Ninayo."

Twila alimgeukia baba yake. "Baba, amekufanyia nini? Niambie. Hata kwa kichwa."

Denzil aliangalia dari. Jasho lilimtoka kwa kutafuta maneno, na alipoyapata aliyatoa moja baada ya lingine. "Ni... me... anguka. Mwenyewe."

Arvella alitarajia hilo. Hata hivyo lilimuudhi, kwa sababu lilifanana na ushujaa.

Kwenye maegesho, Twila alizungumza bila kumtazama. "Nitamchukua kwangu. Wewe usije."

"Mchukue."

"Hivyo tu? Miaka arobaini karibu, halafu hivyo tu?"

"Ulikuwepo kwenye sherehe zote zile," Arvella alisema. "Nawe ulikuwa ukicheka."

"Nilikuwa mtoto!"

"Ulikuwa na miaka ishirini na minne kwenye harusi yako."

Twila alifunga mlango wa gari na kuondoka.

Majani yalipogeuka rangi, Arvella aliwinda kila siku, ndani kabisa ya msitu, peke yake. Alikuwa hodari kuliko alivyokumbuka. Ilikuwa furaha, asidanganye mtu. Ila kuna asubuhi nyingine alijikuta amekaa chini ya mti kindi wakimchezea juu ya kichwa, bunduki magotini, akibishana kwa sauti na mume asiyekuwepo, na akishindwa.

Mwezi wa Novemba simu iliita akiwa jikoni anachuna kindi.

"Mama, mimi Twila." Sauti ilikuwa imechoka. "Baba hali chakula vizuri. Halali usingizi. Anakuita wewe. Mchana kutwa, usiku kucha, ndilo neno pekee lililobaki. Sijui anakuita ili akulaani au ili akuone. Nitamwekea simu sikioni. Mwambie chochote. Tafadhali."

Kukawa na mkwaruzo, kisha pumzi nzito.

"Vela," ilisema simu. "Vela. Vela."

Arvella alisikiliza kidogo. Kisha akaiweka simu juu ya meza, mdomo ukiangalia juu, kando ya bakuli la maji ya chumvi. Hakuikata. Alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akapasua ngozi chini ya mkia, akaukanyaga mkia sakafuni, akavuta. Sauti ile ndogo iliendelea kumwita mezani. Akamchukua kindi wa pili.