Saa Moja Hadi Palermo

Kisiwani kwetu Lampedusa watu hawazaliwi, tunakufa tu. Wodi ya kujifungulia haipo, kwa hiyo mimba ikikaribia kutimia mwanamke hufunga sanduku, hupanda ndege kwenda mjini Palermo, ng'ambo ya bahari, na kupanga chumba, akasubiri uchungu ugenini. Ni saa moja tu angani. Kila mtu husema hivyo, hasa wasiobeba mimba.

Dada yangu Mirella alikuwa na tiketi ya mapema Septemba. Mtoto alikuwa ametanguliza matako, na daktari alikwisha kumwonya asichelewe. Lakini mama mkwe wake, Bi Vincenza, alitaka kwanza atembee nyuma ya sanamu ya Bikira Maria siku ya sikukuu yetu, mwishoni mwa mwezi, kama walivyofanya wajawazito wote wa ukoo wao.

"Palermo haihami," alisema. "Saa moja! Msusi wangu ananikalisha zaidi ya hapo."

"Na upepo je, mama?" nikauliza.

"Huo mdomo wako, Nuccia, ndio utakaoleta upepo."

Gaspare, mume wa Mirella, akatazama viatu vyake. Jitu zima lile, mbele ya mama yake linakuwa uji. Mirella akabadilisha tiketi, nami nikapandwa na hasira hadi chakula kikanishinda.

Basi akatembea nyuma ya sanamu, mkono kiunoni. Kesho yake siroko ikaingia, upepo wa kusini wenye mchanga wa jangwani. Ndege ya abiria ilizunguka juu yetu, tukaisikia, kisha ikarudi ilikotoka. Adhuhuri chupa ya uzazi ya Mirella ikapasuka. Helikopta ya wagonjwa nayo haikuweza kuruka.

Daktari wa zahanati na muuguzi wake walihangaika hadi jasho likawatiririka. Mtoto akatoka, wa kiume, rangi ya buluu, akakaa kimya, halafu akalia. Habari ikaenea kama moto: amezaliwa mtu Lampedusa! Padri akapiga kengele. Watu wakaja na keki za lozi, wakajazana mlangoni kumwona mwenyeji halisi. Bi Vincenza akapokea pongezi utadhani kazaa yeye.

Ndani mimi nilikuwa nabadilisha mashuka. Damu ilikuwa haikatiki.

"Wanashangilia nini?" Mirella akauliza.

"Mwanao."

"Na ndege?"

"Bado, dada."

Jioni upepo ukalegea, helikopta ikatua, nikapanda naye. Mtoto akabaki kwa bibi yake. Saa moja tu, jamani! Sijapata kuona saa ndefu namna ile. Kila nikimwuliza daktari wa helikopta tumefika wapi, ananijibu baharini, bado baharini. Mkono wa Mirella ulikuwa baridi na niliogopa kuuachia.

Hospitalini Palermo walimwokoa. Kizazi kiliwashinda, wakakiondoa.

Asubuhi Bi Vincenza akapiga simu, na nyuma yake tukasikia vicheko na bilauri zikigongana. Mirella akaniashiria niweke sauti juu.

"Mwanangu! Mtoto anafyonza chupa kama babu yake! Nyumba imejaa wageni, wote wanakusalimu. Sasa umeona inawezekana? Basi na wa pili utamzalia hapa hapa."

Mirella akageukia ukutani.

"Hakuna wa pili, mama," nikasema. "Wamemtoa kizazi."

Tukamsikia tu akiwaambia wageni watoke.