Mashine ya Nyumbani kwa Kimaiyo

...na hii plasta nayo, nani alimwambia Mwalimu Darweshi abandike plasta, plasta ni ya kidonda, si ya mashine, Kimaiyo aliwaza, vidole vikiwa juu ya taipureta, mgongo wima kama alivyofundishwa, macho yakitafuta A yasiione, yakitafuta hata S jirani yake yasiione, vitufe vyote vimezibwa kwa vipande vyeupe vya plasta ya hospitali, mashine nzima kama askari aliyerudi kutoka Burma, na kule mbele mwalimu ameinama juu ya gramafoni anazungusha mpini wake, kri kri kri, maana katika shule hii ya Bondeni mtihani wa taipu hupigwa kwa muziki, santuri ya bendi, kila dundo herufi moja, ukiachwa na ngoma umeachwa na kazi... na kazi yenyewe ni ile ya ukarani kwenye kiwanda cha mbao cha Elburgon, kiti kimoja tu, msimamizi alitamka mbele ya watu wote, Kimaiyo, bega lako limekwisha, gogo huwezi kuvuta tena, lete cheti cha taipu ukae ofisini ama kunja blanketi yako uende, na yeye badala ya kuitika kwa upole kama mtu mwenye bega moja akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana, cheti, bwana, hicho ni kitu kidogo, vidole vyangu vinapita msumeno wako, wavuta magogo wakapiga makofi, na Kemboi, mvuta magogo mwenzake, kuanzia siku ile akawa anamwita Karani, Karani njoo ule, Karani pisha gogo, sasa mtu akishaitwa Karani miezi yote hiyo atarudi na uso gani kusema plasta ilimshinda...

“Leo hakuna kuchungulia,” mwalimu alisema bila kugeuka. “Macho ni ya karatasi. Vidole vitajijua.”

Vitajijua, anasema, yeye anavaa kofia safi na kunywa kahawa, vidole vyake vilizaliwa vinajua, lakini hivi vya Kimaiyo vilizaliwa kukamua ng'ombe, vikafundishwa shoka, vikazoea kamba ya gogo, ndiyo kwanza uzeeni vinaambiwa vicheze kama vya mtoto wa gavana...

“Mzee Kimaiyo.” Huyo ni Mastura, binti wa muuza vitambaa, mashine ya kulia, ambaye Jumamosi zote humaliza wa kwanza, leo midomo imemkauka. “Mimi nimekwisha. Mimi huangalia kidogo.”

“Kila mtu huangalia kidogo.”

“Wewe una nini? Wewe una mashine yako nyumbani.”

...hapo tena, mashine ya nyumbani, ulimi huu, ulimi huu siku moja utamuuza, kwa maana Jumamosi ya kwanza alipoingia hapa na viatu vya kuazima, akaona vijana wanamtazama kama mbuzi aliyeingia kanisani, alijitetea kwa kusema anayo mashine kwake, kubwa, haijaharibika hata siku moja, Mastura akauliza ya kampuni gani, akajibu ya Elburgon, na haukubaki uongo sana, maana wiki ile ile alijitengenezea, ubao wa mti wa podo alioukata mwenyewe, vijiti alivyochonga kwa kisu na kuvipanga safu kwa safu kama vya shuleni, chini ya kila kijiti kipande cha mpira wa baiskeli ili kikibonyezwa kiinuke, sasa mashine ni nini zaidi ya hapo, kengele labda, na kengele pia ilikuwepo, maana mwalimu alisema mstari ukifika mwisho mashine hulia, ndipo mkewe Cheptanui akaikumbuka kengele ya ng'ombe wao mwekundu, akawa anakaa karibu naye akiambua maharagwe, konzi moja ya maharagwe ikiisha anapiga kengele, kong'o, baba Chepkurui, umefika ukingoni, rudi, naye anarudi, mstari mmoja konzi moja, akiimba herufi kwa mdomo, kidole kikikosea kijiti anarudia, majirani wakichungulia mlangoni wakidhani wametafuta mganga, na Cheptanui akiuliza kwa lile jicho lake la upande, sasa wewe unajuaje hiki ni kipi na vijiti vyote vinafanana, naye akimjibu ngoja, nitaviandika kwa msumari wa moto, kesho nitaviandika, na kesho mvua, kesho kutwa lori la magogo, hakuviandika...

Hakuviandika.

...Kimaiyo akatazama zile plasta, nyeupe, tupu, zote zinafanana, kama nini, kama vijiti, vijiti vyake mwenyewe, angalia, hata rangi ni ile ya podo mbichi, na vidole, bila kuulizwa, vikajipapasa, kidole kidogo cha kushoto kikasema mimi A, kile kilichovunjwa kucha na gogo kikasema mimi S, nimekaa, kila mmoja mahali pake kama ng'ombe wanaorudi zizini bila mchungaji, na pumzi iliyokuwa imekwama kifuani tangu asubuhi ikashuka yote kwa pamoja, tena kwa sauti, mpaka yule kijana wa mbele akageuka, lo, kumbe uvivu wa mtu nao ni shule, hata bega likaacha kuuma, au liliendelea yeye akasahau, na akili ikakimbia mbele kumsubiri Kemboi, nitamwambia walitufunga macho kwa kitambaa, nitamwambia mashine ilikuwa... hapana, nitamwambia ilivyokuwa, hii imekuja na chumvi yake.

“Mzee, nakuuliza,” Mastura akanong'ona. “Hiyo mashine yako, nayo ina plasta?”

“Haina hata herufi moja. Ni ya mbao. Mke wangu ndiye kengele.”

Mastura akaziba mdomo kwa ushungi, mabega yakatetemeka kwa kicheko. “Wallahi, mzee, wewe kwa uongo huna mwenzako.”

Ndio huo, ukweli wa kwanza aliosema tangu aingie darasa hili na haukupata mnunuzi, wala haikumuuma, alitabasamu tu... “Legeza vidole, binti,” akamwambia, “vitakaa, usivitazame,” na kule mbele mwalimu bado amebeba sindano hewani, anapuliza vumbi kwenye santuri, hata dundo moja halijalia, lakini masikioni mwa Kimaiyo ng'ombe mwekundu ameshatikisa shingo, kong'o, na konzi ya kwanza ya maharagwe inaanguka chunguni.