Maswali ya Jumatano Ijayo

Kila Jumatano saa kumi jioni chuo kilifungua Ukumbi Mdogo kwa umma, aingie atakaye, asikilize mhadhara bure. Wiki moja nyota, wiki nyingine methali, wiki ya tatu magonjwa ya mahindi. Mhadhiri huzungumza dakika hamsini, kisha mkuu wa idara huuliza kama kuna swali, na hapo ndipo ukumbi mzima hugeuka mawe.

Si kwamba watu hawakuwa na maswali. Walikuwa nayo, tena wakiyauliza vizuri sana wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Lakini humo ndani kila mmoja aliamini kwamba atakayeanza kuuliza ataonekana ama mjuaji ama asiyeambulia kitu, na kati ya aibu hizo mbili hakuna aliyetaka kuchagua. Mgeni mmoja, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, aliachwa na kimya hicho dakika nne nzima, mpaka akauliza kwa upole kama wenyeji wake wako salama.

Tangu siku hiyo mkuu wa idara akaagiza yaandaliwe maswali ya kuwasha moto. Kazi ikamwangukia msaidizi wa mihadhara, binti mwenye sauti ndogo kiasi kwamba wenzake walimwita Mnong'ono. Kupanga viti alipanga, maji ya mhadhiri alijaza, kipaza sauti alikijaribu kwa kukigonga na ukucha, maana kusema "moja, mbili" mbele ya viti, hata viti vitupu, kulimtia haya. Sasa ikaongezeka bahasha. Kila wiki aliandika maswali matatu kwenye vikaratasi, akavigawa kwa siri kwa watu watatu wa kuaminika: dereva wa chuo, mpishi wa kantini na mlinzi wa geti.

Mambo yakaenda vizuri kupita kiasi. Wageni waliondoka wakisifu kina cha umma wa mji ule. Mlinzi ndiye aliyevuna zaidi, kwa kuwa alikuwa na sauti nzito na namna ya kuvua kofia kabla ya kuuliza. Watu wakaanza kumwita Profesa, naye hakuwakataza. Mwishowe akawa anarudisha vikaratasi vyepesi. Alimwambia Mnong'ono kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kuuliza swali lisilo na "kwa mujibu wa". Mpishi hakuwa na makuu, alisoma kilichoandikwa na kurudi jikoni. Dereva ndiye aliyekuwa na tabu, maana aliwahi kuongeza swali lake mwenyewe kuhusu matairi ya gari la chuo. Basi ikawekwa sheria: swali linasomwa kama lilivyo, neno kwa neno, hata mbingu ianguke.

Jumatano hii mhadhiri alikuwa baba yake Mnong'ono.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi mstaafu, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amechunguza konokono wa uani kwake. Aliwaandika namba mgongoni kwa rangi ya kucha ya mkewe, mpaka mama akabaki na kucha tupu na konokono wakawa na rangi nyekundu ya harusi. Alfajiri aliwahamishia ng'ambo ya ua, kwenye shamba la mama mkwe wake aliyekuwa jirani, kisha kila asubuhi akachunguza nani karudi. Yote yalikuwa ndani ya madaftari ishirini na mawili. Mnong'ono alikuwa ameyasoma karibu yote. Mawili tu hakuwahi kuyafungua, lile la nne na la tano, na sababu aliijua mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mwisho wa mwezi wazee walikuwa wanahamia nyumba ndogo. Mama alipima chumba kwa hatua zake, akatangaza kwamba patatosha kitanda au madaftari, na kwamba yeye keshachagua kitanda. Mnong'ono akajikaza, akaenda kumwomba mkutubi wa chuo ayapokee. Mkutubi, mwanamke mkavu aliyevaa miwani kwa kamba, alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema atakuja kuusikiliza mhadhara. Maktaba, alisema, hailei yatima: watu wakiuliza, madaftari yatapata rafu, wakinyamaza, mzee arudi nayo kwake.

Kwa hiyo maswali ya wiki hii Mnong'ono aliyaandika kama mtu anayeandika wosia. Akayatia kwenye bahasha ya kaki, akailaza mezani kando ya bahasha nyingine ya kaki, ile ya Jumatano ijayo, siku ambayo mwanahistoria fulani angezungumzia nyumba, ndoa na urithi katika familia za zamani. Asubuhi baba akapiga simu mara tano. Mara ya kwanza ilikuwa kuhusu tai, na zilizofuata zote zilikuwa kuhusu tai ileile. Katika simu ya tano Mnong'ono, simu begani na jagi la maji mkononi, alichukua bahasha, akagawa.

Watu walijaa kuliko kawaida. Bibi, mama mkwe mwenyewe, alikaa mstari wa mbele na mkoba mapajani, akiwa amekuja, alivyosema, kuona hao wadudu wamemfikisha wapi mkwe wake. Mkutubi alikaa pembeni na kalamu. Baba alisimama na tai iliyokaza kama kamba ya mbuzi, akatetemeka dakika tatu za mwanzo, halafu akataja konokono namba saba na kutulia. Alieleza jinsi namba saba alivyopelekwa ng'ambo mara tisa na kurudi mara tisa, chini ya jiwe lilelile. Alieleza kwa mapenzi kiasi kwamba mama mmoja nyuma alipangusa macho. Akamalizia kwamba konokono, mnyama anayetembea na nyumba yake mgongoni, bado ana mahali anapopaita kwao.

Mkuu wa idara akashukuru, akauliza kama kuna swali.

Mawe.

Kisha dereva akainuka, kikaratasi ndani ya kiganja. Akasoma, neno kwa neno:

"Katika familia ulizochunguza, mwenye nyumba hasa alikuwa nani, mume au mke?"

Mnong'ono, aliyekuwa kando ya projekta, alihisi damu ikimshuka mpaka kwenye viatu. Akaangalia bahasha mkononi. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, paliandikwa tarehe ya wiki ijayo.

Baba akakuna kidevu. Halafu uso ukamchangamka. Alisema hilo ni swali zuri mno, kwani konokono wa uani kwake kila mmoja ni dume na ni jike kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana nyumba yake. Kwa hiyo kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kuona ugomvi wa nani mwenye nyumba. Ukumbi ukacheka. Bibi akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba basi wana akili kuliko alivyodhani. Mkutubi akaandika kitu.

Mnong'ono akapata pumzi kidogo. Labda, alijiambia, Mungu si Athumani wala si mwandishi wa ratiba. Akaanza kunyata kwenda kwa mpishi amnyang'anye kikaratasi, lakini mpishi alikuwa na sufuria jikoni na hakuwa na muda wa kungoja. Alikwishasimama.

"Wale waliohamishwa," akasoma, "walirudi kwa hiari yao, au kuna jamaa aliyewarudisha?"

Lilikuwa swali la wake wa enzi za kale waliohamishiwa kwa wazazi wao. Mnong'ono alikuwa ameliandika kwa dakika moja, akinywa chai. Sasa lilimchoma kama sindano.

Maana alipokuwa na miaka minane aliwaonea huruma. Alimwona baba akiwabeba na kuwaacha ugenini, akawaza watakavyolala peke yao bila mama zao, na baba akishakwenda kazini yeye alipita chini ya ua, akawaokota wale wenye namba, akawarudisha mmoja mmoja ndani ya kikombe chake cha plastiki. Aliwarudisha miaka miwili. Siku aliyomsikia baba akimwambia mama, kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi, kwamba konokono wanajua kwao, alielewa alichofanya. Alitaka kusema. Kesho yake pia alitaka. Imepita miaka kumi na minane akiwa anataka.

Akamtazama mkutubi, aliyekuwa ameinua kalamu. Akinyamaza sasa, baba atajibu kwamba walirudi wenyewe, madaftari yatapata rafu, na uongo wake utawekwa kwenye jalada na kupigwa muhuri. Akisema, basi miaka ishirini na miwili ya baba itabebwa na gari la taka mbele ya watu mia.

"Swali hilo," baba alianza.

"Mimi," alisema Mnong'ono.

Hakuna aliyesikia. Kwa bahati mbaya alikuwa amesimama kando ya kipaza sauti cha akiba alichokijaribu mwenyewe kwa ukucha. Akakisogelea.

"Ni mimi niliyewarudisha, baba. Nilipokuwa mdogo. Niliwaonea huruma."

Sauti yake ilijaa ukumbi, ikagonga ukuta wa nyuma, ikamrudia. Hakuwahi kuisikia kubwa hivyo. Alitamani ardhi ipasuke, lakini mtaalamu wa matetemeko alikuwa ameshaondoka mwaka jana.

Baba akainama kwenye sanduku lake, akatoa daftari la nne, akalifungua na kulielekeza kwa watu kana kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya mhadhara. Kando ya namba nyingi, pambizoni, palichorwa unyayo mdogo wa mtoto, wenye vidole vitano.

"Kulikuwa na matope chini ya ua," alisema. "Kila palipokuwa na unyayo, huyo konokono sikumhesabu. Nilikuandika kwenye orodha ya vikwazo vya asili, mwanangu, baada ya kuku na kabla ya mvua."

Akamuuliza Mnong'ono, kwa sauti ya nyumbani kabisa, kama ndiyo sababu alikuwa akikwepa kuyafuta vumbi madaftari yale mawili. Mnong'ono akaitikia kwa kichwa. Kipaza sauti kilikuwa bado mbele yake na hakutaka kukitumia tena. Hakumwambia wakati ule, baba akaeleza, kwa sababu mtoto mwenye huruma hakemewi, anaandikwa pambizoni.

Mama mmoja nyuma akapangusa macho tena. Mambo yangeishia hapo, na yangeishia vizuri, kama bibi asingekohoa.

Bibi alikohoa kikohozi cha mtu anayefungua shauri. Akasimama, mkoba mkononi.

"Mkwe wangu, kwa kuwa leo ni siku ya kusema. Wale waliokuwa kwenye mboga zangu nao usiwahesabu. Niliwarusha."

"Uliwarusha wapi, mama?"

"Kwako. Juu ya ua. Kila asubuhi. Miaka yote."

Ukumbi ulinyamaza kimya kipya, si kile cha mawe. Mnong'ono alifumba macho. Alipoyafumbua, baba alikuwa akipekua madaftari kwa kasi, la sita, la tisa, la kumi na nne, na usoni hakuwa na huzuni hata chembe.

"Kumbe ndiyo maana magamba yalikuwa yanapasuka," alisema. "Mama, niliandika sura nzima kuhusu magamba yaliyopasuka. Niliilaumu mvua ya mawe."

"Mvua ya mawe huku kwetu?" bibi akauliza.

"Hilo lilinisumbua sana."

Akauliza kama alirusha na wale wa upande wa kisima. Bibi akajibu kwamba huko kuna mteremko, na goti lake halijawahi kuukubali. Basi baba akachomoa kalamu mfukoni, na mbele ya watu wote, akisoma kwa sauti, akaanza kuwakata. Thelathini na mbili, nje. Arobaini, nje. Namba saba, aliyerudi mara tisa, alimkata polepole. Bibi akasema kwa upole kwamba huyo anamkumbuka, alikuwa mzito. Watu walihesabu pamoja naye. Mpishi alisahau sufuria. Alipofika mwisho baba alifuta jasho, akalegeza tai.

"Wamebaki kumi na tisa," alisema. "Lakini hawa kumi na tisa walikuja kwa miguu yao. Yaani, kwa mguu wao. Konokono ana mmoja."

Hapo sasa mikono ikainuka, na hakuna mmoja uliokuwa na kikaratasi. Mtu alitaka kujua walivuka vipi mchanga. Mwanafunzi aliuliza kama wanafuata harufu au ute wao wenyewe. Yule mama wa nyuma aliuliza namba saba aliishia wapi, akaambiwa alifariki kwa uzee, chini ya jiwe lake, na bibi akaapa kwamba katika hilo hana mkono. Mkuu wa idara alitazama saa mara mbili na mara zote mbili akaisamehe.

Mkutubi alinyanyuka katikati ya swali la tisa, akamfuata Mnong'ono kando ya projekta. Alisema kwamba madaftari yaletwe Jumatatu, yote ishirini na mawili, na kwamba masharti ni mawili. La kwanza, pasiwe na konokono hai hata mmoja ndani ya kurasa. La pili, yaliyokatwa leo yasifutwe, na jina la aliyechora unyayo na la aliyekuwa na unyayo yote yaandikwe kwenye kadi. Mnong'ono akamjibu ndiyo, ahsante. Mkutubi akasema amesikia, hana haja ya kupiga kelele.

Mkuu wa idara akasimama kufunga. Hapo mlinzi akavua kofia.

Mnong'ono alimpungia mikono yote miwili. Alitikisa kichwa. Alionyesha bahasha, akajikata shingo kwa kidole. Lakini Profesa alikuwa amekaa saa moja na nusu na swali mfukoni, lenye "kwa mujibu wa", na sheria ni sheria.

"Kwa mujibu wa hati ulizozipitia," alisema kwa sauti yake nzito, "mama wakwe walikuwa na mchango gani katika kuvurugika kwa makazi?"

Baba akatazama mstari wa mbele.

"Kaa, mkwe wangu," bibi alisema, akimpa Mnong'ono mkoba wake amshikie na kukinyooshea mkono kile kipaza sauti. "Hilo ni langu."