Kochi la Clem

Sharti la Enid lilikuwa moja tu, nalo halikuwa na mjadala: fereti, wale wanyama wembamba warefu kama nguchiro, wakae bandani, uani. Katika mtaa ule wa wachimba makaa ya mawe, huko Yorkshire, karibu kila mwanamume alifuga fereti, na wake zao walizoea. Enid hakuzoea. Alisema wananuka, wanaiba, wanauma, na kazi yao ni kuingia mashimo ya sungura, si sebuleni kwake.

Kisha mumewe, Clem, akafa kwa kifua kile cha vumbi la makaa. Bandani akabaki Tansy peke yake, fereti jike mzee, mkia umenyonyoka, anatetemeka kwa baridi ya Januari. Enid alimwonea huruma hata akajishangaa. Akayameza maneno yake ya miaka yote na kuamua kumwingiza ndani.

Alipiga magoti sebuleni na jikoni kama fundi. Aliweka wavu wa waya nyuma ya friji, akaziba dohani kwa ubao, akasindilia matambara chini ya makabati. Mito ya sponji aliitupa, maana fereti akila sponji utumbo huziba. Alipomaliza, akamwita Wilf, mdogo wake Clem, aje kukagua.

"He! Bibi marufuku mwenyewe!" Wilf akacheka. "Leo mnuka amejengewa ikulu."

"Kagua mashimo, Wilf, usinikague mimi."

"Kichwa kikipita tu, shem, amepita mzima." Akalala kifudifudi, akachungulia huku na huku. "Safi. Na kochi la kaka je? Chini mna vyuma vya kulilaza. Mtu akivuta ule mkono wa chuma pembeni na fereti yumo, anasagwa, basi tena."

"Mkono wenyewe mbovu. Kaka yako kakaa wima humo miaka, kama yuko kanisani. Kila nilipotaka kumwita fundi, alinijia juu."

"Kama bovu, halina neno."

Tansy alipofunguliwa hakunusanusa kama mgeni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akapenya kitambaa kilichochanika chini, akatulia. Enid akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alidhani amefuata harufu ya Clem.

Basi wakawa wawili. Enid alifuma sweta kando ya kochi, akimsema Tansy kama alivyokuwa akimsema marehemu, na Tansy akilala humo ndani au kwenye kikapu chake karibu na jiko. Kochi halikukaliwa na mtu. Nyumba haikuwa tupu tena, na Enid alianza kuogopa siku ambayo mnyama yule angekufa.

Jumapili moja Wilf alikuja kutoka kanisani akiburuta miguu, mgongo unamuuma. Enid akatupa jicho kikapuni, akaona blanketi la Tansy limetuna.

"Kaa hapo kwa kaka yako," akamwambia. "Kiti hakina mfalme."

Wilf akaketi, akashusha pumzi, na mkono wake ukashika kile chuma cha pembeni kwa mazoea tu. Akavuta. Kochi likalala taratibu, bila kukwama popote, kama limetoka dukani jana. Chini yake kitu kikalia mara moja.

Walikata kitambaa kwa mkasi wa jikoni. Tansy alikuwa amekwisha kufa. Alilala juu ya hazina ya wizi: soksi ya Clem, kipande cha kandambili za Enid, kastabini yake, na kipuli alichokipoteza Enid wakati Tansy bado hajazaliwa, wakakitafuta nyumba nzima. Vyote vimeshika vumbi.

Enid akaketi sakafuni. Kila Jumanne alikwenda kwenye mchezo wa bingo, na Clem hakutaka kamwe kufuatana naye. Sasa alijua ni kwa nini: yeye akitoka tu, fereti waliingia.

"Shem, nisamehe," Wilf alikuwa akilia. "Ulisema bovu."

"Ndivyo Clem alivyoniambia." Alikuwa amempakata Tansy kwenye aproni yake ya Jumapili. "Na kile kifua chake, Wilf. Daktari alimwambia aegemee, apumue. Akakaa wima miaka yote, asije akawabana."

Wilf akauweka mkasi chini.

"Angeniambia tu. Ningefoka, halafu ningenyamaza." Akamtazama shemeji yake. "Kwani nilikuwa mkali kiasi hicho?"

Wilf aliinama, akaanza kukusanya vipande vya kitambaa.