Zamu ya Wanawake Ukingoni mwa Marne

Wenye mabinti na wasikie. Bi Léontine, mjane, alikuwa na binti mmoja tu, Odette, akimlinda kama yai. Jumapili moja ya kiangazi alimfuata mpaka kilabu cha dansi, ukingoni mwa mto Marne, kwa sababu moja: Anselme, kijana mpiga makasia, asimguse mwanawe.

Alikaa wima mezani, mvinyo mweupe hakuuonja. Kila Anselme aliposogea, mama alikohoa.

"Mama, unaumwa?" Odette akauliza.

"Naumwa na macho ya watu."

"Basi fumba yako."

Kodiani ikanyamaza. Mwenye kilabu, Bi Zélie, akapanda juu ya kiti. "Zamu ya wanawake kuchagua wa kucheza nao! Wanaume tulieni, sasa mnachaguliwa kama vitunguu sokoni. Na kukataa ni mwiko!"

Odette alikuwa keshaanza kuinuka, anajiweka nywele sawa. Mama akaona njia moja tu: akapenya katikati ya watu kwa viwiko, akamdaka Anselme mkono.

"Utacheza na mimi."

"Na mimi, mama?" Anselme akashangaa.

"Kwani nani mwingine hapa ana masikio makubwa hivyo?"

Wakazunguka, mbao zikilia chini ya miguu. Lo, kijana alijua kucheza! Tena kwa adabu, kama amebeba sinia la mayai. Bi Léontine aliomba wimbo uishe upesi. Ulipokaribia kuisha, akaona si mrefu kama nyimbo za zamani.

"Haya, umemaliza. Nenda zako."

Anselme hakwenda. Watu wakaanza kugonga meza kwa glasi.

"We Léontine!" Bi Zélie akaja na sahani ya visamaki vya kukaanga, moto bado. "Tangu lini mwanamke anachagua mwanamume kisha anamwacha na njaa? Aliyechaguliwa hula meza ya aliyemchagua. Umesahau, au uzee?"

Bi Léontine hakusahau mila yote, alikumbuka nusu ya kwanza tu. Na hiyo nusu ya pili ndiyo iliyompatia yeye marehemu mumewe.

Anselme akavuta kiti, akakiweka kando ya Odette. Msichana akamsogezea sahani.

"Karibu, kaka, jisikie nyumbani. Mama amekuchagua mwenyewe, mbele ya watu wote."

Bi Léontine akachukua kisamaki, akakitafuna kichwa hadi mkia, maana mdomo uliojaa hauulizwi kitu.