Sari ya Kijani Ndani ya Mfarishi

Ukuta wa mwisho wa bati ulikuwa umeshang'olewa na Mofiz anapakia mbuzi mashuani, mkewe Aklima alipokumbuka mfarishi wa kulalia. Akarudi mbio. Mto Jamuna, uliokuwa ukikimega kisiwa chao, ulikwishakula jiko, sasa ulikuwa unabugia migomba, mmoja baada ya mwingine.

"We mwana, mto hauna adabu, haukungoji!" Mama mkwe wake, Joytun, alipiga kelele kutoka mashuani. "Kuhama mara moja tu, unababaika. Mimi hii ya saba!"

Mfarishi wenyewe ulikuwa wa Joytun. Kila ulipochakaa, hakuufumua; alitandika sari kuukuu juu yake akashona upya. Mojawapo ya sari hizo ilikuwa ya mama yake Aklima, jirani wa Joytun enzi hizo, aliyefariki Aklima bado ananyonya. Picha hakuacha, na kaburi lilikwenda na mto. Tangu aolewe, Aklima hakuchoka kuuliza: ya rangi gani? Iko upande upi?

"Nimesahau, mwanangu," Joytun hujibu. "Na mkasi hauingii humo. Ukimfumua mmoja, wote watamwagika."

Aklima akaruka mashuani, akateleza. Mfarishi chubwi!

"Haya, umemwogesha mama yako," alisema Joytun.

Mofiz akauopoa kwa upondo, wakauanika juu ya mabati yaliyopakiwa, mashua ikaondoka. Tabaka la juu lilikuwa sari nyeupe ya ujane wa Joytun, iliyolika ikawa kama ganda la kitunguu. Ilipolowa, ikaonyesha ya chini yake. Aklima akainama. Pembeni pale, kipande cha ukubwa wa sinia: kijani, chenye vidoti vya njano.

"Mama, hii ya nani?"

Joytun alisogeza uso. "Alikuwa akiivaa akija kuazima moto kwangu. Akaiunguza. Tazama hapo kwenye pindo."

Kweli, palikuwa na tundu.

Lakini jua lilikuwa kali, na kijani kilikuwa kinapotea kadiri kitambaa kilivyokauka. Aklima akaomba sindano.

"Saa hii? Katikati ya mbuzi?"

"Saa hii, mama."

Uzi uliokuwepo ni mwekundu. Akaufuata ukingo wa kijani kwa mshono, huku Joytun akinyunyiza maji kwa kiganja kila palipokauka, na mdomo haupumziki: "Mshono gani huo? Hatua za bata!"

Wakafika ng'ambo mduara umefungwa.

Kisiwa kilizama wiki ile ile. Mwaka wa tatu mto ukaibua kingine cha mchanga, chini kidogo ya pale, wakahamia na kupanda karanga. Joytun alifariki kabla ya mavuno ya pili. Mofiz aliuza mbuzi, akanunua ng'ombe. Aklima alitandika sari ya mwisho ya Joytun juu ya mfarishi, akaupapasa mduara kwa kidole na kuushona tena juu yake, kwa uzi mwekundu. Binti yao Moyna huulalia. Siku hizi anauliza mna nani humo ndani.