Kitanda cha Landrova

Namba yake niliitambua kabla Chirau hajamaliza kuondoa makuti. Alikuwa ameifunika ile Landrova nyuma ya nyumba yake ya zamani huko Waa kwa miaka kumi na tatu, kuku wakitaga chini ya usukani. Alipovuta kuti la mwisho namba ikatokea, rangi imebabuka. Nikakaa juu ya tofali. Chirau akadhani ni jua, akaniletea maji.

Halikuwa jua. Jumanne moja ya mwaka sabini na nane gari hilo liliingia katika muhogo wa mama yangu kule kusini ya Msambweni, likasimama pua imetazama bahari, wakashuka watu wanne wa kampuni ya upimaji na mawe yao ya mipaka. Wiki tatu baadaye likarudi kuchukua vyombo vyetu. Walisema wanatusaidia usafiri. Vitanda viwili, kinu, masufuria, mbuzi mmoja, na mama juu ya godoro akitazama tulikotoka. Dereva alikuwa kijana mwembamba asiyesema neno. Dereva huyo ndiye Chirau.

Miaka mingi sikumpa hata salamu. Kisha akahamia mtaa wetu, akawa anaswali msikiti wetu, na mtu mnayegusana naye mabega katika safu mara tano kwa siku, kununa nako kunachosha. Kwamba kampuni ilipofungwa alilinunua gari lile lile mnadani, hilo hakuniambia hata siku moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nilifikiri unajua. Si wewe unajua kila kitu?"

Basi alichoniitia ni hiki. Injini ameshaifufua mwenyewe, breki amebadilisha, mashimo ya sakafuni amechomelea. Sasa anataka ndani iwe nyumba: kitanda, kabati, mahali pa jiko, tangi la maji, awakodishe watalii wa Diani wanaopenda kwenda Tsavo na kulala humo humo garini. Alihitaji seremala. Mimi ni seremala. Pia ni yule ambaye Msambweni nzima wanamwita Mzee Barua, kwa sababu nimeandika barua arobaini na moja kwa ofisi za ardhi, na nakala zote ninazo sandukuni. Sheria sikufundishwa na mtu. Niliisoma katika magazeti yaliyofungiwa vitunguu, nikayakunjua, nikayapiga pasi.

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa na maneno tayari, ya miaka arobaini na sita. Halafu nikamkumbuka mama.

Mama yangu, Bi Mwanapili, ana umri wa miaka themanini na sita. Tangu Ramadhani alikuwa akiniomba jambo moja tu: alale usiku mmoja pale alipozaliwa. Nikamwambia kesi bado ipo. Akaniambia kesi ni yangu, yeye anataka usingizi. Na pale alipozaliwa sasa ni kambi ya magari ya watalii. Pana ua, lango, nyasi zilizonyolewa, na kibao kinachosema wanaolala ni wenye magari ya vitanda tu, hema haziruhusiwi. Nilikwishampeleka hadi langoni kwa tuktuk. Askari aliitazama tuktuk, akamtazama mama, akatuonyesha kibao.

Nikamwambia Chirau nitaifanya kazi yake bila ujira. Ila usiku wa kwanza katika kitanda hicho ni wa mama yangu, na mahali nitachagua mimi. Chirau alifikicha kutu kwenye mlango kwa kidole gumba muda mrefu. Akasema sawa.

Tulianza kwa kung'oa viti vya nyuma. Chini ya kimojawapo nilikuta kigingi cha mbao cha kupimia ardhi, kimeliwa na mchwa nusu. Nikakitia mfukoni. Chirau aliona, akageukia kiti kingine.

Kazi ya ndani ya Landrova inamkomesha seremala. Hakuna ukuta ulionyooka. Kila ubao unaupima mara mbili na bado unaurudia kwa randa. Magoti yangu hayakuwa yakinitii. Nilikuwa nafanya kazi asubuhi, adhuhuri nalala juu ya vumbi la mbao, alasiri naamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Chirau alikaa kwenye ndoo akinishikia vipimo na kunisuta kwamba kama barua moja tu ingekuwa imeandikwa vizuri, tungekuwa na kiwanja wala tusingehangaika na plaiwudi. Nikamwambia kama dereva mmoja angetia mchanga kwenye tangi la mafuta, pia tungekuwa na kiwanja. Tukapiga misumari.

Tulipofika kwenye kitanda ndipo tulipogombana.

Mimi sijapata kumtengenezea mtu kitanda bila kumuuliza kitakaa upande gani wa chumba, na kibla chake kiko wapi. Ndivyo alivyonifunza baba. Huku kwetu bahari iko mashariki na kibla ni kaskazini. Mtu akiweka kichwa upande wa bahari, miguu upande wa barabara, akalalia ubavu wa kulia, uso wake unaelekea kibla. Ndivyo mama alivyolala maisha yake yote. Ndivyo atakavyolazwa.

Chirau akacheka hadi akakohoa. Gari ni magurudumu, alisema. Leo pua iko huku, kesho iko kule. Kitengeneze kitanda kiwe wazi pande zote mbili, mtu achague pa kuweka kichwa.

Lakini nafasi haikutosha. Kabati la jiko lilibidi likae mahali, na nikaliweka juu ya miguu, karibu na mlango wa nyuma, miguu ipite chini yake kama droo. Kichwa mbele, nyuma ya kiti cha dereva. Kwa hiyo kitanda kile kilikuwa na upande mmoja tu wa kulala. Chirau akaniuliza itakuwaje gari likisimama vingine. Nikamwambia halitasimama vingine. Mimi nilikuwepo. Nalijua linavyosimama pale: pua baharini.

Tuliingia langoni siku ya Alhamisi baada ya alasiri, mama amekaa mbele na buibui lake jipya, ameshika kishikio kwa mikono miwili. Askari alikuwa yule yule wa tuktuk, Kavumbi, kijana kutoka Mackinnon Road. Aliizunguka Landrova, akafungua mlango wa nyuma, akaona kitanda, akaona kabati. Akatoa daftari.

"Shosh anatoka wapi?" akauliza.

"Kwanza hujaniamkia," mama akasema. "Pili kwetu ni bibi, mimi si huyo shoshi. Andika natoka hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapo ulipokanyaga."

Kavumbi akaondoa mguu, akaona aibu ya kuuondoa. Akamwambia shikamoo, akaandika Msambweni.

Kisha akatuelekeza pa kuegesha, na hapo ndipo kumbukumbu yangu iliponiangusha. Pale kila gari huingia kinyumenyume. Mgongo baharini, pua barabarani, ili mgeni akifungua mlango wa nyuma aione bahari akiwa kitandani. Ilikuwa kanuni ya nne kwenye kibao. Magari manne yalikuwa yamekwisha kupangwa hivyo, kama meno.

Chirau akaegesha alivyoambiwa. Tukampandisha mama. Alikaa kitandani, akatazama jua lilipo, akatazama kabati, akaelewa kabla yangu. Kichwa barabarani, miguu baharini. Akilalia ubavu wa kulia, kibla anakipa kisogo. Na ageuke vipi, wakati upande wa pili kichwa kingeingia chini ya masufuria?

Nikashuka kwenda kwa Kavumbi. Nilianza vizuri, kwa kumwomba tu tuligeuze. Akasema haiwezekani, meneja ni mkali, yeye ana miezi miwili kazini. Basi nikaanza. Nikampa Jumanne ile, mawe ya mipaka, majina ya maofisa watatu, tarehe za barua. Nikatoa kile kigingi mfukoni, nikamwonyesha. Wazungu wa gari la pili waliacha kupika. Kavumbi alisimama ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja mvua ipite, na mimi nikaisikia sauti yangu mwenyewe, maneno yale yale, yamechakaa kama noti iliyopita mikono mingi, na bado sikuweza kuyazuia.

"Mwero," mama akaniita kutoka garini. Hakupaza sauti. "Hiyo hotuba naijua yote. Mtoto wa watu hakuwepo. Mimi nataka kulala."

Nikakirudisha kigingi mfukoni. Ni Chirau aliyefanya jambo. Yeye aliyeendesha alikoambiwa maisha yake yote, alipanda, akawasha, akaitoa Landrova kwenye mstari, akaizungusha juu ya nyasi zao zilizonyolewa, akaisimamisha pua baharini. Mahali hasa. Akazima, akabaki na mikono kwenye usukani, hatutazami.

Kavumbi aliangalia alama za matairi kwenye nyasi. Akamwendea mama dirishani, akamwuliza kwa adabu kama usingizi hauwezi kuja upande ule mwingine. Mama akamwambia mtu hakipi kibla kisogo, hasa umri huu, hujui utaamkia wapi. Kijana alifikiri. Akasema meneja hufika saa moja asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu gari liwe limerudi kwenye mstari, na yeye usiku huu yuko langoni, haoni kitu.

Nikakubali. Katika barua arobaini na moja sikukubali kitu, kijana yule nikamkubalia.

Mama alilala mapema. Hakulia, hakusimulia habari za kisima wala za marehemu. Aliuliza tu maji ya bahari yamejaa au yametoka, nikamwambia yanatoka, akasema basi. Akalalia ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu. Mimi na Chirau tulilala kwenye viti vya mbele, kila mmoja na dirisha lake. Sikumwambia nimemsamehe. Hakuniomba.

Alfajiri sikumwamsha mama kwa swala. Alikuwa amelala usingizi ambao sijamwona nao tangu nikiwa mtoto, mdomo wazi kidogo, na moyo haukunipa. Nikasema nitamwamsha baadaye kidogo. Saa kumi na mbili na nusu Kavumbi akaja. Alitazama dirishani, akatazama saa yake. Hakusema tumwamshe. Alikunja mikono ya shati.

Injini ingemshtua. Kwa hiyo tukaisukuma: Chirau ameingiza mkono dirishani kwenye usukani, mimi na Kavumbi mbele, mabega kwenye chuma baridi, tukiirudisha nyuma taratibu juu ya nyasi zenye umande. Ilikuwa nzito kama deni la dhambi. Tuliipeleka nyuma, tukaivuta mbele, tukaipeleka nyuma tena. Ikafika nusu ya kugeuka, ubavu umetazama bahari, nikasikia kitanda nilichokitengeneza kikilia.

"Mwero."

"Naam, mama."

"Mnanihamisha tena?"

Mikono yangu ilitoka kwenye chuma yenyewe. Chirau aliachia usukani kama umemchoma. Kavumbi, ambaye hakuwepo mwaka ule wala baba yake pengine hakuwepo, naye akasimama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba gari hili lilipomchukua mama, nikasimama kando na mbuzi mkononi, nikaapa. Na sasa anayesukuma ni mimi.

Nikamwambia hapana, mama, tunageuza gari tu, kanuni zao. Hata mimi nilisikia jinsi lilivyotoka.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Alishuka mwenyewe, polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, bila viatu, leso imefungwa vibaya kichwani. Nilikwenda kumshika, akanitoa mkono. Akatembea hatua saba, nane, upande wa kaskazini, akatafuta chini kwa kidole cha mguu kama anayetafuta kitu kilichoanguka, akasimama.

"Gari lifuate kanuni zao, ligeuzeni," alisema. "Mimi niacheni hapa."

Tukaligeuza. Mgongo baharini, pua barabarani, sawasawa kwenye mstari. Kavumbi alirudi langoni mbio mbio. Chirau alileta kiti cha kukunja kutoka garini, akakiweka nyuma ya mama, lakini mama hakukikalia. Aliomba maji, nikampelekea yale ya kwenye tangi, akatawadha hapo hapo, akaswali swala yake iliyompita juu ya nyasi zao, akasimama tena.

Wazungu walikuwa wakichemsha kahawa. Chirau aliniuliza kwa sauti ya chini tufanye nini. Nikamwambia sijui, nimechoka. Nikaketi kwenye ngazi ya nyuma, mgongo kwenye kabati langu, kile kigingi bado mfukoni kinanichoma paja.

Saa moja kamili meneja alifungua lango. Gari lilikuwa mahali pake. Mama yangu pia.